Waya wa Mtambo wa Mama Toroli

Kinanda alikanyaga breki kabla hajamaliza kusoma. Kibao kilikuwa kipande cha bati kilichofungwa getini kwa kamba, na maandishi yake ya rangi nyekundu yalikuwa yamechuruzika hadi chini: MTAMBO MBOVU UNAUZWA. Mtu mwingine angeona huruma. Kinanda aliliona lile neno la katikati, na mate yakamjaa mdomoni.

Ieleweke mapema, tusije tukamsingizia, kwamba Kinanda hakuwa mwizi. Mwizi huchukua kitu mwenyewe akiwa hataki. Kinanda alihakikisha mwenyewe anataka, anashukuru, na ikibidi anasaidia kubeba hadi kwenye gari. Aliwahi kuuza dawa ya kuzuia kutu ambayo ilikuwa maji ya chumvi, na mteja akarudi kununua chupa ya pili. Jina la Kinanda alipewa na hao hao aliowaliza, kwa maelezo kwamba ukimgusa popote anatoa sauti tamu.

Siku hizo, hata hivyo, utamu ulikuwa wa nje tu. Ndani alikuwa anaumia. Mkewe, fundi cherehani asiyependa maneno mengi, alikuwa amerudi kwa mama yake. Hakugombana wala hakurusha sufuria. Alikunja nguo zake taratibu, akasema, "Wateja wananiuliza mume wangu anafanya kazi gani, nami nabaki natafuta sindano ambayo haijapotea. Ukipata kazi ninayoweza kumwonyesha mtu kwa kidole, nifuate." Kinanda, aliyekuwa na jibu la kila mtu mjini, alimbebea begi hadi mlangoni. Tangu hapo alikuwa anakula ndani ya pikapu yake, kwa sababu nyumbani palikuwa kimya mno. Pikapu hiyo ndiyo mali pekee aliyokuwa nayo, na hata hiyo haikuwa kazi. Ilikuwa ya kukimbilia tu.

Lakini mtambo! Mtambo unaonekana tangu mwanzo wa mtaa. Mume wa mtu akiwa juu ya mtambo, hata asiyejua kusoma anajua huyo anafanya kazi gani. Kinanda alijirekebisha kola kwenye kioo, akachomoa kofia ngumu ya njano aliyoiweka chini ya kiti kwa shughuli za namna hii, akashuka.

Aliingia ubavuubavu, maana nusu ya geti ilikuwa imezibwa na matoroli yaliyopangwa moja juu ya jingine. Mwenye uwanja aliitwa Mama Toroli, kwa kuwa alikodisha matoroli, ngazi na mashine za kuchanganyia zege kwa mafundi wote wa upande ule. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mama mnene mwenye miwani iliyoshuka puani, na alionekana mtu wa kuamini kila kitu isipokuwa mteja anayeahidi kurudisha toroli kesho.

"Hodi, mama yangu. Nimeona kibao. Mimi ni mhandisi wa mitambo."

"Karibu, mwanangu. Mhandisi kabisa?"

"Kabisa, mama."

Mama Toroli aliitazama ile kofia kwa heshima. "Mungu ni mkubwa. Basi njoo umwone mgonjwa."

Mgonjwa alikuwa nyuma ya uwanja, hatua chache tu kutoka kwenye ukuta mpya wa matofali ambao haujapigwa lipu. Ulikuwa mtambo mdogo wa kuchimbia, wa kukaa mtu mmoja, wenye minyororo ya mpira badala ya magurudumu, na mkono mrefu uliobeba kijiko. Kiti kilikuwa kimegeuzwa kikaitazama nyumba ya Mama Toroli na kuupa ukuta mgongo. Juu yake alilala kuku.

"Unawaka, lakini hautembei," alisema Mama Toroli. "Umeniaibisha mtaani."

Kinanda alimwomba kuku radhi, akakaa, akawasha. Injini ilinguruma kwa afya njema. Mbele yake kulikuwa na leva mbili za kutembeza, kila mnyororo na leva yake. Akaigusa ya kulia, mnyororo ukashtuka. Akaigusa ya kushoto, ikaanguka mbele na nyuma bila kushika chochote. Akainama, akafunua mpira wa sakafuni, na hapo akauona: waya unaotoka kwenye leva kwenda kwenye valvu ya chini ulikuwa umelika ndani ya ganda lake, nyuzi zake zimetawanyika, mmoja tu ukishikilia kwa kujikaza.

Waya! Kitu cha kununua asubuhi na kufunga kabla ya chakula cha mchana. Kinanda alijua, kwa sababu ujanani aliwahi kuwa msaidizi gereji, mpaka tajiri wake alipogundua kwamba spana anazozinunua ni zile zile zake zilizopotea. Moyo ulimruka kwa furaha. Akazima injini, akavua kofia, akaiweka kifuani.

"Mama, una mtu wa karibu wa kukushika mkono?"

"Sina, mwanangu. Niambie tu."

"Pampu imekufa."

"Pampu ya maji?"

"Ya mafuta, mama. Ndiyo moyo wa mtambo. Ikishakufa inaanza kula valvu. Ikimaliza valvu inakula injini. Hata sasa tunavyoongea, inakula."

"Inakula sasa hivi?"

"Sikiliza."

Walisikiliza wote wawili, vichwa vimeinama.

"Ile?" Mama Toroli alinong'ona.

"Ile ni kuku, mama. Subiri kidogo."

"Eeh," alisema Mama Toroli baadaye, mkono kifuani. "Sasa naisikia. Inatafuna."

Kinanda alimtazama kwa mapenzi. Wateja wa namna hii walikuwa wameadimika sana mjini.

"Ningekuwa mtu mbaya," alisema kwa sauti ya chini, "ningekwambia tuagize pampu mpya, nikakukamua mpaka uuze hizo ngazi. Lakini na mimi nina mama. Nitakusaidia kuuondoa. Nitaukata vipandevipande niubebe kama chuma chakavu."

"Na mimi nipate nini?"

"Nafasi, mama. Uwanja wako utapumua."

Mama Toroli aliinua miwani. "Nafasi ninayo, mwanangu. Ninachokosa ni gari la kupelekea matoroli kwa wateja. Kale kapikapu kako pale nje kanatembea?"

Kinanda aliichungulia pikapu yake juu ya matoroli. Ilikuwa na godoro la majani sehemu ya nyuma, ambalo ndilo alilokuwa analalia siku hizi. Kisha akaugeukia mtambo, akamwona kimawazo mkewe amesimama mlangoni kwa mama yake, kidole kimenyooka, akiwaambia wateja: yule pale. Mtambo ule ungenunua pikapu kadhaa kama ile, na yeye angeupata kwa waya. Akavuta pumzi kama mtu anayetoa figo.

"Kwa ajili yako tu, mama. Tubadilishane."

"Ahsante, mwanangu. Ila mimi ni mtu wa mashahidi." Mama Toroli aliugeukia ukuta akapaza sauti. "Jirani! Wewe jirani! Njoo unishuhudie!"

Kichwa kilichomoza juu ya matofali, nyusi nyeupe kwa unga. Alikuwa Bwana Kinu, mwenye mashine ya kusaga nafaka upande wa pili. Yeye ndiye aliyejenga ukuta ule, akaziba uchochoro ambao wateja wa Mama Toroli walikuwa wanaupitia kutoka barabara kubwa. Walishtakiana hadi kamati ya mtaa, na kamati ikatamka kwamba mpaka shauri liishe, ukuta usiguswe. Kati ya hao wawili, atakayeugusa kwa mkono wake au kwa mali yake, ameshindwa papo hapo. Yote haya Mama Toroli alimweleza Kinanda pale pale, kwa kirefu na kwa uchungu. Kinanda alitikisa kichwa panapostahili na hakusikia hata neno moja, kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye leva.

"Unashuhudia, jirani, kwamba kuanzia sasa mtambo huu si wangu, ni wa huyu kijana?"

"Nashuhudia!" alisema Bwana Kinu, ambaye siku zote hakupenda mtambo ule ukae karibu hivyo na ukuta wake. "Tena nashuhudia kwa moyo mweupe. Auondoe, tulale."

"Na chochote mtambo utakachofanya, wema au ubaya, ni juu yake?"

"Juu yake!" alijibu Bwana Kinu.

"Juu yangu!" alidakia Kinanda, akitoa ufunguo wa pikapu haraka kabla mama wa watu hajabadili mawazo.

Kesho yake alikuja kwa miguu, waya mpya umezungushwa kiunoni chini ya shati na mfuko wa spana mkononi. Alimwambia Mama Toroli amekuja kuanza kuukata mtambo. Mama Toroli akasema haya baba, kazi njema, akavuta kiti chake cha plastiki kivulini, akaanza kunywa chai.

Tumpe mtu haki yake: kazi ya kutoa waya aliifanya vizuri. Alichomoa pini upande wa leva, akafungua nati upande wa valvu, na kabla hajauvuta ule waya wa zamani akaufunga uzi mwishoni. Ulipotoka, uzi ukabaki umelala kwenye njia ile ile, chini ya sakafu na nyuma ya tanki. Akaufunga waya mpya kwenye uzi, akavuta upande wa pili, na waya ukaja wenyewe bila kukwama popote. Akapaka grisi, akarudisha pini, akaanza kukaza nati.

Hapo ndipo alipoharibu. Gereji alifukuzwa kabla ya somo la mwisho, lile la kuuachia waya ulegevu kidogo ili leva ikirudi katikati na mtambo usimame. Kinanda alipenda kazi inayoonekana imekazwa. Alikaza hadi waya ukanyooka vizuri. Kisha akauona ule wa kulia, unaning'inia kidogo, akaona si haki kuuacha hivyo, akaukaza na wenyewe. Fundi yeyote angempigia kelele. Lakini fundi hakuwepo pale, alikuwepo mhandisi.

"Mama!" aliita, akipanda kwenye kiti na kuvaa kofia. "Njoo uone ajabu. Nilikuwa nataka kuukata, nikasema ngoja nijaribu dawa moja ya kwetu."

"Weee! Pampu imefufuka?"

"Tutaona," alisema Kinanda kwa unyenyekevu, akawasha.

Mtambo haukungoja kuguswa. Ulianza kutembea wenyewe, taratibu, kinyumenyume, kuelekea ukutani. Kinanda akashika leva zote mbili. Ukuta uko nyuma yake, nyumba iko mbele yake; akili ya kawaida ikamwambia asukume mbele.

Sasa, sehemu ya juu ya mtambo wa aina ile, kiti, leva na mkono wote, huzunguka peke yake, na minyororo hubaki ilivyo. Kiti kikiwa kimegeuzwa, leva nazo hugeuka maana yake. Ukisukuma mbele, unaenda nyuma. Kila anayeendesha mitambo anafundishwa jambo hilo kabla hajaonyeshwa choo kilipo.

Kinanda akasukuma mbele. Mtambo ukaongeza mwendo.

"Mama! Unarudi!"

"Sukuma mbele, mwanangu!" alipiga kelele Mama Toroli, amesimama juu ya kiti cha plastiki, kikombe bado mkononi. "Mbele! Usiogope! Sukuma na mguu!"

Akasukuma kwa nguvu zote alizopewa na wazazi wake. Ukuta ulipasuka katikati, ukafikiri kidogo, kisha ukalala chini wote kwa heshima. Mtambo ukapanda juu ya matofali, ukazimika.

Vumbi lilipotulia, upande wa pili alionekana Bwana Kinu amesimama na debe la mahindi, mweupe kuliko kawaida. Nyuma yake uchochoro ulikuwa wazi hadi barabara kubwa, na watu waliokuwa wanapita huko walisimama kutazama. Mmoja wao alikuwa fundi mwashi, naye akauliza kama matoroli bado yanakodishwa.

"Yanakodishwa, baba, pita!" alisema Mama Toroli.

"Ukuta wangu!" Bwana Kinu alipata sauti. "Umeuvunja, mama! Kamati ilisema! Umeshindwa shauri!"

"Mimi?" Mama Toroli alishuka kwenye kiti kwa mikogo. "Mimi nimeshika kikombe. Mtambo ni wa nani, jirani? Nani alishuhudia, tena kwa moyo mweupe?"

Bwana Kinu aliutazama mtambo uliokaa juu ya matofali yake. Halafu, polepole, akamgeukia Kinanda.

Kinanda alishuka mtamboni. Alimsogelea Mama Toroli, akasema kwa sauti ya mtu aliyeanza kuelewa, "Mama. Ulijua kwamba ni waya."

"Mwanangu, kabla yako walikuja mafundi watatu. Wote watu wazuri. Kila mmoja kafunua ule mpira akaniambia, mama, hii ni waya tu, tukufungie? Nikawapa chai nikawaaga. Ningefanya nini na watu wakweli? Mtambo ukipona ukiwa wangu, ukuta ule ningeugusaje? Nilikuwa namsubiri mwongo, auchukue uwe wake. Ulipovua ile kofia, nikajua Mungu kanijibu."

"Na kama nisingekosea leva?"

"Ungeupitisha wapi? Nenda kapime geti."

Kinanda aligeuka. Matoroli yalikuwa yameondolewa, geti lote lilikuwa wazi, na lilikuwa la kupita punda mmoja tena asiye na mzigo. Mtambo uliingia zamani kwa uchochoro.

"Lakini ulisema unaisikia pampu inatafuna," alilalamika.

"Nilikuwa namsikia kuku," alisema Mama Toroli.

Kilichofuata kilikuwa ni kutoroka. Bwana Kinu alipokwenda kumwita mwenyekiti wa kamati, Kinanda alilegeza nati zote mbili, akawasha, akageuza kiti, akatoka juu ya kifusi hadi barabara kubwa. Mali anayo, njia iko wazi, na nyumba ya mama mkwe iko mtaa wa nne kutoka pale. Tatizo lilikuwa moja: mtambo ule, hata ukiukanyaga kwa hasira, unakwenda mwendo wa mtu anayetoka kushiba. Bwana Kinu aliporudi, alimfikia bila kukimbia. Alipata hata nafasi ya kusimama kufunga kamba za kiatu na kumfikia tena.

"Mwenye mtambo ndiye atakayelipa," alisema, akitembea ubavuni. "Ama unijengee ukuta, ama unichimbie mtaro wa kiwanda changu wote, kuanzia mashine hadi barabarani, mpaka niseme basi."

"Ndugu yangu," alisema Kinanda, na kinanda kikaanza kulia, "ningekuwa mimi ndiye mwenye mtambo, ningekuchimbia na kisima. Lakini nimeshauuza."

"Umeuza saa ngapi?"

"Sasa hivi, kwa simu, ulipokuwa unafunga kiatu. Mimi hapa ni dereva tu, naupeleka. Tajiri mwenyewe ni mtu mpole sana, ukimwendea atakulipa kabla hujakaa."

"Anaitwa nani?"

"Hapendi kutajwa. Ndivyo matajiri wapole walivyo."

Mtaa wa kwanza Bwana Kinu alicheka. Mtaa wa pili aliuliza maswali. Mtaa wa tatu alikuwa ameshaelezwa sura ya tajiri, ugonjwa wake wa miguu na upendo wake kwa wasaga nafaka, na alikuwa anauliza kama ni adabu kumwendea jioni. Kinanda aliona kabisa mtu huyu anakaribia kugeuka na kwenda zake. Bado maneno kama kumi tu.

Ndipo walipofika. Mkewe alikuwa amekaa barazani na nguo ya mtu mapajani, mama yake pembeni anapepeta mchele. Watoto wa mtaa walishaupokea mtambo kwa vigelegele. Mke akaweka sindano chini, akaja hadi barabarani. Aliutazama mtambo kuanzia minyororo hadi kijiko. Akaugusa. Kisha akamtazama mumewe aliyejaa vumbi la matofali, na uso wake ulikuwa unataka kufurahi lakini umezoea kujizuia.

"Huu mtambo ni wa nani?" aliuliza.

Kinanda alifungua mdomo. Bwana Kinu alikuwa pale pale, masikio yamesimama, nyusi nyeupe zimeinuka. Maneno yote yalikuwa tayari, tajiri mpole na miguu yake. Akisema si wake, ameokoka. Atapunga mkono, Bwana Kinu ataenda zake, na mke atarudi barazani kutafuta sindano. Lakini alimtamani yule mke wa kumnyooshea kidole na kusema: yule pale.

"Ni wangu," alisema.

"Ahaa!" Bwana Kinu aliruka. "Mmesikia wote! Mama, umesikia? Ukuta wangu!"

"Nimeuvunja ukuta wa huyu bwana," Kinanda aliendelea, kwa kuwa alishaanza na hakujua pa kusimama. "Na nina mtaro wa kumchimbia, mrefu kupita kiasi, bure. Naanza leo. Sijui kuchimba."

Mama mkwe aliacha kupepeta.

"Mtaro huo utakuwa barabarani?" mke aliuliza. "Watu watauona?"

"Mji mzima, mke wangu. Na kucheka watacheka."

Mke akaingia ndani. Kinanda alibaki ameshika leva zisizohitaji kushikwa. Alipotoka, mkewe alikuwa na begi lake. Akaliweka ndani ya kijiko, akalisukuma sawa lisianguke, akamuaga mama yake. Safari ya kurudi ikaanza kwa mwendo ule ule, mke upande mmoja anatembea, Bwana Kinu upande wa pili akieleza mtaro upite wapi.

Hawajafika mbali, pikapu ikawapita imejaa matoroli, ikapiga honi kwa madaha. Dirishani kulikuwa na mama mnene mwenye miwani puani, anapunga mkono.

"Nani yule anaendesha pikapu yako?" mke akauliza.

"Ni pikapu yake," alisema Kinanda.

Mke akamtazama, maana tangu waoane hajawahi kusikia kweli mbili kutoka kwake katika siku moja. Halafu akacheka mpaka ikabidi ashike kijiko, na Kinanda akapunguza mwendo, ingawa hakukuwa na mwendo wa kupunguza.